Diski Ilinitangulia Isan

Saa mbili kamili asubuhi bendera hupanda mlingotini, na wimbo wa taifa hutoka kwenye spika zilizofungwa juu ya mwembe. Wanafunzi mia mbili hivi, mashati meupe, kaptura za bluu, soksi zimevutwa hadi magotini. Walimu tuko mstari wetu pembeni. Mimi, mtoto wa Vihiga niliyekulia Umoja, nimejifunga tai, jasho linanitiririka mgongoni, naimba kwa kufungua mdomo tu kwa sababu maneno siyajui. Hiyo ilikuwa Mei 2018. Ubaoni, mwalimu wa zamu alikuwa ameandika 2561, kwa sababu Thailand huhesabu miaka ya Kibudha. Siku ya kwanza nilidhani ni namba ya simu.

Shule yenyewe iko mkoa wa Sakon Nakhon, kaskazini mashariki mwa nchi, eneo zima likiitwa Isan. Kutoka Bangkok ni safari ya usiku kucha ndani ya basi lenye kiyoyozi cha kugandisha damu. Ukishuka asubuhi unaona mashamba ya mpunga, nyati, mahekalu yenye paa za dhahabu, na barabara nzuri kuliko nyingi za kwetu. Nilifika huko vile vijana wengi wa Nairobi wenye digrii na bila kazi wanavyofika mahali: mse fulani alinitumia tangazo, nikatuma karatasi, ajenti akanipigia. Tangazo lilitaka "mzawa wa lugha ya Kiingereza". Kuna orodha ya nchi ambazo watu wake huhesabiwa wamezaliwa na Kiingereza mdomoni, na Kenya haimo. Ajenti akasema hakuna shida, mshahara wangu tu ndio utakuwa chini. Chini kiasi gani, nilijua mwezi wa tatu nilipoona hati ya malipo ya kijana wa Kiingereza wa shule ya jirani, ambaye nyumbani kwao aliuza viatu na hakuwahi kusoma ualimu hata siku moja. Basi, tuyaache hayo.

Niliyotaka kuandika ni juu ya historia. Sikwenda kuitafuta. Nilikwenda kutafuta doo. Lakini ukikaa mahali mwaka mzima ukifanya yale yale kila siku, unaanza kuuliza: haya mambo yalianza lini, na nani aliyaanzisha?

Nianze na saa, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nijisikie nyumbani mapema. Wathai wana namna ya zamani ya kutaja saa. Saa moja usiku ni "neung thum", thum moja. Saa mbili usiku ni "song thum", thum mbili. Inaendelea hivyo mpaka saa tano usiku. Wazee wengine hata asubuhi huhesabu vivyo hivyo, na saa mbili asubuhi kwao ni mbili. Mwingereza wa shule ya jirani alihangaika na hesabu hiyo miezi sita. Mimi niliielewa kabla chai haijapoa.

Na chakula. Isan hawali wali wa kawaida, wanakula wali wa kunata unaopikwa kwa mvuke na kuwekwa ndani ya kikapu kidogo cha mianzi. Unamega tonge kwa mkono, unalifinyanga, unachovya kwenye mchuzi wenye pilipili ya kukutoa machozi. Siku ya kwanza kantini walimu walisimama kunitazama. Nilipomega kama mtu aliyelelewa kwa ugali, wakapiga makofi. Samaki wao wa kuvundisha, pla ra, sikupigiwa makofi.

Sura yangu ilikuwa na historia yake ambayo mimi sikuijua. Mzungu huko huitwa "farang", neno ambalo pia ni jina la pera, tunda. Mimi niliitwa farang mweusi. Sokoni mzee mmoja wa miaka sabini na kitu alinishika mkono akasema, "Ameriga! Jii-ai!" Nikasema hapana, Kenya, Afrika. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akarudia: "Jii-ai." Nilidhani ni ushamba wake. Kumbe ushamba ulikuwa wangu. Wakati wa vita vya Vietnam, Wamarekani walikuwa na vituo vya ndege za kivita kote Isan: Udorn, Ubon, Korat, na Nakhon Phanom, ambayo haiko mbali na pale sokoni. Barabara kuu ya Mittraphap, maana yake urafiki, ilijengwa kwa pesa za Marekani na kufunguliwa 1958. Mzee yule alipokuwa kijana, watu weusi wa kwanza aliowaona walikuwa wanajeshi. Hakuwa amekosea. Alikuwa ananiweka kwenye rafu pekee aliyokuwa nayo.

Kiingereza nacho, kilichonipeleka huko, kilifika Thailand kabla ya ndege za kivita. Wakati huo nchi iliitwa Siam. Mmisionari Dan Beach Bradley, daktari kutoka Marekani, alifika Bangkok 1835. Mfalme Mongkut, aliyekaa utawani miaka 27 kabla ya kutawazwa 1851, alijifunza Kiingereza kwa wamisionari, na alipokalia kiti akaomba wake zao wafundishe wanawake wa ikulu. Wakafundisha, ila walichanganya alfabeti na Biblia, na mfalme Mbudha hakulipenda hilo. Ndipo 1862 akamwajiri mjane aitwaye Anna Leonowens kutoka Singapore, kwa sharti wazi: fundisha lugha, usifundishe dini.

Huenda unamjua Anna kupitia filamu, ile ya 1956 yenye Yul Brynner kichwa kipara. Wathai hawaipendi na ilipigwa marufuku nchini mwao. Anna alikaa miaka mitano, 1862 hadi 1867, akarudi na kuandika kitabu kinachomwonyesha kama yeye ndiye aliyemstaarabisha mfalme aliyekuwa tayari anasoma elimu ya nyota kwa Kiingereza. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba Anna alidanganya kuhusu makwao. Alisema amezaliwa Wales, lakini watafiti waligundua amezaliwa Ahmednagar, India. Yaani mwalimu mgeni maarufu kuliko wote katika historia ya nchi ile naye alikuwa na wasiwasi na karatasi zake. Orodha ya nchi haikuanza na ajenti wangu.

Jumatano shuleni kwetu ilikuwa siku ya skauti. Watoto wote, si wachache wanaojiunga kwa hiari kama kwetu, walivaa sare za kaki na skafu. Skauti wa Siam walianzishwa na Mfalme Vajiravudh 1911, miaka michache tu baada ya Baden-Powell kuanza kwake Uingereza. Niliwaambia darasa la sita kwamba kaburi la Baden-Powell liko nchini mwetu, Nyeri, na kwamba alifia huko 1941. Hawakuamini. Nikawaonyesha picha kwenye simu. Tangu hapo kila Jumatano walinipigia saluti kama vile mimi ndiye mlinzi wa lile kaburi. Kusema kweli Nyeri nimepita tu, nikielekea Nanyuki.

Halafu Juni ikaja Alhamisi ya wai khru. "Khru" ni mwalimu, na neno hilo lina asili moja na "guru" ya Kihindi. Siku hiyo wanafunzi huwaheshimu walimu rasmi. Tulikaa kwenye viti mbele ya ukumbi, na watoto wakatambaa kwa magoti hadi miguuni petu wakiwa na vichanja vya maua waliyoyapanga usiku kucha. Kuna nyasi ndani yake, kwa sababu nyasi husambaa upesi kama maarifa. Kuna ua la khem, ambalo jina lake maana yake ni sindano, ili akili iwe kali. Na kuna ua la biringanya, kwa sababu huinamisha kichwa. Msichana wa darasa la tano, mcheshi kuliko wote, aliyezoea kuniigiza ninavyotembea, alinipa chake bila kuinua macho. Mimi niliyezoea walimu wanaogoma ndipo walipwe, niliona aibu. Sikujua niweke mikono wapi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nimemnyamazisha yule msichana.

Ilikuwa hivi. Watoto hawakuongea Kiingereza darasani hata nikiwabembeleza. Nikafanya nilichofanyiwa. Nilibandika sheria tatu ukutani, na ya tatu ilisema: Kiingereza tu. Nikaweka kopo la maziwa mezani. Ukiongea lugha nyingine, baht moja ndani ya kopo. Baht moja ilikuwa kama shilingi tatu zetu, na wengi wao walikuja shuleni na baht ishirini za siku nzima. Nilifanya kwa utani. Kopo lilipolia kling! darasa lote lilicheka, nami nikacheka nao. Msichana yule alilipa baht nne Jumatatu na mbili Jumanne. Jumatano hakulipa chochote. Nikafikiri, safi, sheria inafanya kazi. Alhamisi nikagundua hajasema neno lolote, la lugha yoyote, tangu juzi.

Mwalimu tuliyefundisha pamoja alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu. Nilimwita Phi, yaani dada mkubwa, naye akiniita Nong, mdogo wake. Siku hiyo alibaki darasani baada ya kengele. Akachukua kopo, akalitikisa.

"Nong, unajua wanalipia lugha gani?"

"Kithai," nikasema.

"Kithai hawakiongei wakicheza. Wanaongea Lao. Hicho ndicho cha nyumbani." Akaweka kopo chini. "Nilipokuwa mdogo tulilipa satang 25 kwa kila neno. Mwalimu alikuwa na kopo pia. La biskuti."

Nilikaa kwenye kile kiti kidogo cha mtoto. Mwenzangu msomaji, kama umesomea shule ya msingi mashambani Kenya unajua ninachokumbuka. Sisi tuliita diski. Wengine waliita monto. Kipande cha mbao chenye uzi, asubuhi kinaanza na mmoja, ukisikika ukisema Kinyore unavishwa wewe, nawe unamtega mwenzako umvishe. Jioni aliyelala nacho anachapwa. Nilijifunza kuwa jasusi nikiwa darasa la tatu. Nilimtega hadi binamu yangu, nikamuuliza kwa Kinyore kama ana njaa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika kuhusu jambo hilo, kila mtu anasema amesoma, na mimi pia nilikuwa nimesoma, chuo kikuu, nikapata alama nzuri kwenye insha. Halafu nikapanda ndege na kopo langu.

Nilianza kumuuliza Phi maswali, na yeye akaanza kunipa majibu mchana wa chakula, kidogo kidogo, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. Mengine niliyatafuta mwenyewe.

Wathai watakuambia kwa fahari kwamba nchi yao haikutawaliwa na wakoloni. Ni kweli. Lakini Isan hawakuwa Wathai wa Bangkok. Watu wa pande zote mbili za mto Mekong walikuwa Walao. Mwaka 1893 Wafaransa walileta meli za kivita hadi Bangkok, na Siam ikalazimika kuwaachia ng'ambo ya kushoto ya mto. Ghafla mto uliokuwa katikati ya watu wale wale ukawa mpaka. Bangkok ikaogopa: tukiendelea kuwaita hawa Walao, Mfaransa atasema ni wake. Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 neno Lao likaondolewa kwenye majina ya majimbo, na mahali pake pakawekwa Isan, neno la asili ya Kisanskriti lenye maana ya kaskazini mashariki. Hebu fikiria kuamka ukaambiwa kabila lako sasa ni upande wa dira.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1901 na 1902 kule Ubon walitokea watu waliojiita wenye baraka, na uvumi ukaenea kwamba changarawe itageuka dhahabu na dhahabu itageuka changarawe. Wakulima wakawafuata kwa maelfu. Serikali ikaleta mizinga. Mtu wa Afrika Mashariki akisoma habari hiyo hawezi kukosa kukumbuka Maji Maji iliyozuka miaka mitatu tu baadaye.

Baada ya mizinga ikaja shule. Mfalme Chulalongkorn, aliyefundishwa na Anna akiwa mtoto, alikuwa tayari ameagiza 1898 kwamba elimu ipelekwe mikoani kupitia watawa na mahekalu. Mwaka 1921 ikatoka sheria ya elimu ya lazima. Watoto wakafundishwa kusoma, jambo zuri, na wakafundishwa kwa Kithai cha katikati. Kisha 1939 akaja Phibun Songkhram, mwanajeshi na waziri mkuu, akabadilisha jina la nchi kutoka Siam kuwa Thailand, na kati ya mwaka huo na 1942 akatoa amri 12 za utamaduni. Moja ilisema watu wasiitwe kwa majina ya makabila au maeneo, wote ni Wathai tu. Nyingine ilihusu wajibu wa kujifunza Kithai. Watu walilazimishwa hata kuvaa kofia na kuacha tambuu. Maneno ya wimbo wa taifa niliokuwa naigiza kila asubuhi ni ya 1939 pia. Kofia zilipita. Wimbo na kopo vikabaki.

Siku moja Phi aliniambia nisifikirie walimu wote walikubali. Akanitajia majina mawili ya watu wa mkoa ule ule. Tiang Sirikhanth alikuwa mwalimu, kisha mbunge, na wakati wa vita vya pili vya dunia aliongoza wapiganaji wa siri dhidi ya Wajapani kwenye milima ya Phu Phan, ile niliyoiona dirishani nikifundisha. Aliuawa 1952, mikononi mwa polisi. Wa pili ni Khrong Chandawong, naye mwalimu, naye mbunge, mtu wa wilaya ya Sawang Daen Din. Mei 1961 utawala wa Sarit Thanarat ulimkamata, na tarehe 31 mwezi huo huo akapigwa risasi hapo wilayani kwake pamoja na mwenzake mmoja. Hapakuwa na kesi. Katiba ya muda ya Sarit ilikuwa na kifungu cha 17 kilichompa mamlaka ya kuua kwa amri.

"Watu bado wanamwita Khru Khrong," Phi akasema. Mwalimu Khrong. Miaka 57 ilikuwa imepita, cheo cha ubunge kimesahaulika, cha ualimu kipo.

Kesho yake nikatoa sheria ya tatu ukutani. Ubao nikaugawa safu tatu: Kiingereza, Kithai, Lao. Nikawaambia wao ndio watanijazia ya tatu, maana mimi sijui. Hapo ndipo darasa lilipoamka. Shule kwa Kithai ni "rongrian", wao nyumbani husema "honghian". Kupenda ni "rak", nyumbani ni "hak". Walibishana, vijiji tofauti vina matamshi tofauti. Yule msichana alisimama kunisahihisha, kwanza polepole, halafu akaja mbele na kuninyang'anya chaki. Mmoja akauliza na mimi nyumbani husemaje. Nikaandika safu ya nne: mulembe.

Usidhani mambo yaliisha vizuri kama filamu. Mwezi wa pili baba mmoja alikuja shuleni. Alikuwa mjenzi, miaka mingi Bangkok akipanda majengo ya watu, na aliongea kwa heshima, viganja vimeunganishwa kifuani. Alisema analipa ada ya ziada ya mwalimu mgeni ili mtoto ajue Kiingereza. Lao anaijua bure. Alisema Bangkok ukifungua mdomo wanasikia Isan, wanakucheka, wanadhani wewe ni kijakazi katika tamthilia ya televisheni, kwa sababu huko kijakazi ndiye huongea hivyo. Hataki mwanawe achekwe. Phi alinitafsiria, na akatafsiri yote, hata yaliyomuuma.

Sikuwa na jibu. Mama yangu angesema maneno yale yale. Ndiye aliyenitoa Vihiga ili nisiwe na lafudhi. Leo nikimpigia kukhu simu, namsikia vizuri, lakini kujibu ni kigugumizi, na yeye kwa huruma anahamia Kiswahili chake cha kuungaunga. Tukakubaliana na mwalimu mkuu: safu ya Lao dakika kumi za mwisho, siku mbili kwa wiki. Mkataba wangu ulipoisha Machi, ajenti hakuufanya upya. Alisema shule inataka mzawa wa lugha. Kama ni yule baba, au orodha, au bei, sikuambiwa.

Wiki ya mwisho nilimwaga kopo mezani. Kulikuwa na baht 43. Nikaongeza zangu. Jioni huwa anapita muuza aiskrimu ya nazi kwenye pikipiki yenye kijitanki pembeni, anakuwekea ndani ya mkate kama sandwichi, na karanga juu. Nilidhani ni wazimu nilipoiona mara ya kwanza. Sasa nikiwa Nairobi naitamani. Watoto wakapanga foleni kwa viatu vya vumbi. Muuzaji akanipa wangu mwisho, akanitazama nikiuma, akauliza, "Saep bo?" Tamu?

"Saep lai," nikasema. Tamu sana. Yule msichana, mdomo umejaa mkate, akanyoosha kidole chake mbele yangu kudai baht moja.